Niliiacha kwa pauni 20, sasa inarudi kwa 650

BARUA

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mtu wa Tanga, Ngamiani kabisa, ila huu ni mwaka wa 15 niko Birmingham, naendesha basi. Nina mke na watoto wawili. Nakuandikia jambo ambalo nikimweleza mwenzangu kazini anacheka, na nikimweleza mke wangu hacheki.

Babu yangu alikuwa na baiskeli ya BSA. Kila Alhamisi jioni aliigeuza matairi juu pale uani, akaisugua kwa kitambaa cha mafuta mpaka ile nembo ya mbele ikang'aa: bunduki tatu zimesimamishwa na kuegemezana, midomo juu. Siku moja nikamuuliza bunduki zinatafuta nini kwenye baiskeli. Akanijibu, "Hao jamaa wakikosa vita hutengeneza baiskeli." Nikadhani ni utani wake tu. Nimekuja kupanga nyumba Small Heath, mtaa uleule kilipokuwa kiwanda cha BSA, ndipo nikajua babu hakuwa anatania.

Basi nikaanza kukusanya bunduki za upepo za kampuni hiyo. Nazisema zile za springi, zinazotupa kirisasi kidogo kwa nguvu ya hewa, ambazo kwetu mabwana wa mkonge walikuwa wakipigia kunguru. Nilianza polepole, moja kwa mwaka.

Mwaka 2017 nilikwenda kwenye maonyesho ya silaha za kale. Kwenye meza moja nikaikuta "Improved Model D", ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Maandishi ya juu ya silinda yanasomeka yote, na shingoni mwa kitako ile nembo ya babu imegongwa ndani ya mbao. Mwenye meza akasema 260. Nikasema 220. Akashuka hadi 240. Hapo nikafanya kama tunavyofanya sokoni kwetu: nikailaza mezani taratibu, nikamshukuru, nikaondoka kwa madaha huku nahesabu hatua. Ngamiani hufiki hatua ya tano hujaitwa. Nilihesabu mpaka 30, nikajikuta kwenye foleni ya chai. Niliporudi na kikombe mkononi, mzee mmoja wa Kiingereza alikuwa anahesabu noti, na bunduki inaviringishwa kwenye blanketi.

Pauni 20, Mjomba.

Tangu siku ile siachi kitu. Nikiona bunduki mezani moyo unanienda mbio, naiona ile blanketi, nalipa bila kuuliza. Sasa ninazo 11 chini ya kitanda, zimenila kama pauni 800. Nne ni za aina moja ya BSA iitwayo Meteor, zinafanana kama ndugu. Moja haina kifyatulio. Mama Salim anasema godoro letu limeinuka, na kwamba siku Salim (ana miaka 9) atakapozigundua, yeye ataondoka aniachie vyote.

Sasa sikiliza. Yule mzee aliyeinunua tumekuwa marafiki, tunakutana maonyesho karibu yote. Juzi kanipigia simu. Anahamia kwa binti yake, chumba kimoja, anauza vitu vyake. Amenitaja mimi wa kwanza: 650, nimjibu kabla mwezi haujaisha. Mimi nina 700 benki, ila ni za tiketi. Tumepanga Desemba kwenda Tanga, mama yangu hajamwona mtoto wangu wa pili. Mke wangu hajui habari ya simu. Nimewaza nilipe, zile 11 nikazifiche kwa shemeji Glasgow, kisha niseme nauli zimepanda tutakwenda mwakani.

Nifanyeje? Na hii meza nitaacha lini kuiota?

Mpwa wako,
Baba Salim, Birmingham

JIBU

Marahaba mpwa wangu.

Kabla ya meza, nianze na kitanda. Leo hii, kabla hujalala, zitoe. Tangu Februari 2011 sheria ya hapa Uingereza inamtaka mwenye bunduki ya upepo achukue hatua za maana ili mtu wa chini ya miaka 18 asiweze kuifikia. Chini ya kitanda, nyumba yenye mtoto wa miaka 9, hapana askari wala hakimu atakayekuambia hiyo ni hatua. Nunua kabati la chuma lenye kufuli, na ufunguo usikae kwenye kikombe juu ya friji, maana Salim anajua kilipo kila kitu juu ya friji. Mama Salim hakuwa anagomba hapo, alikuwa anakutajia sheria.

Glasgow sahau. Tangu tarehe 31 Desemba 2016 Scotland ina sheria yake: bunduki ya upepo inataka cheti cha polisi. Shemeji akikutwa na 11 bila cheti, mwenye kesi ni yeye. Halafu, mpwa, hebu nikuulize taratibu: shemeji yako ni kaka yake nani? Ulifikiri siri hiyo ingelala huko usiku mmoja?

Na hilo la nauli kupanda sitalijibu. Umeliandika ulisikie mwenyewe lilivyo baya, nami nadhani umelisikia.

Sasa twende mezani.

Nimekaa nchi hii zaidi ya miaka 30, Coventry kwanza, kisha Wolverhampton, na ugonjwa wako ninao. Kila mkusanyaji ana orodha ya alizozikosa, tena anaijua kuliko orodha ya alizonazo. Mkiwa watatu mnangoja mvua ipite kwenye maegesho ya maonyesho, hayo ndiyo mazungumzo. Ila nimegundua hazifanani, na zisizofanana hazitibiwi kwa dawa moja.

Kuna ile uliyoiacha kwa sababu pesa ilikuwa na kazi nyingine. Yangu ilikuwa Webley Service Mark II, mwaka 1996, dukani, ndani ya sanduku lake, na mitutu yake mitatu. Bunduki ile ilianza kutengenezwa hapahapa Birmingham miaka ya 1930, na ufundi wake ni kwamba mtutu unachomoka kwa mkono, unatia mwingine wa tundu tofauti: .177, .22 au .25 ya inchi. Kuipata na mitutu yote mitatu pamoja na sanduku si jambo la kila siku. Kwenye kifuniko palikuwa na alama ya sigara iliyounguza ngozi. Bei 350, nami nilikuwa nazo mfukoni. Wiki ileile dada yangu akapiga simu kutoka Pangani, mama anatakiwa akafanyiwe upasuaji wa macho. Nikatuma.

Mwaka 2009 nikakutana nayo tena, mji mwingine, ile alama ya sigara ikanitazama. Ungetaka nikuambie kwamba nilipoishika nikaona si kitu, kwamba miaka ndiyo iliyoipamba kichwani mwangu. Mpwa wangu, ilikuwa nzuri kuliko nilivyoikumbuka. Bei 1,100. Nikaishika, nikaikoki mara moja kwa ruhusa ya mwenyewe, nikairudisha. Iliniuma na bado huniuma, kama mguu uliowahi kuvunjika siku za baridi. Lakini haikuninyima usingizi hata siku moja, kwa sababu ningerudi 1996 ningetuma tena zile pesa. Bi mkubwa alisoma Kurani yake mwenyewe miaka tisa baada ya upasuaji ule.

Kuna ile uliyoiacha kwa ujinga. Hizo ninazo nyingi, nikutajie moja. Bastola ya Kijerumani, Diana, ile yenye mfumo wa Giss: ndani ina pistoni mbili zinazokwenda kinyume, moja mbele moja nyuma, ili mtikisiko ujifute na bastola isiruke mkononi. Mwenye nayo alikuwa anauza pauni 40. Akaijaribu mbele yangu, ikatoa pumzi kama mzee anayepanda ngazi, na mdomoni ikatema makombo ya rangi ya kahawia. Nikaona maiti hiyo, nikapita. Baadaye ndipo fundi mmoja akanieleza, huku anacheka, kwamba washa za Diana za miaka hiyo, yaani vile vizibo vya pistoni vinavyozuia upepo usivuje, huoza zikawa makombo, zote, hata zilizolala kabatini bila kupigwa risasi moja. Unatia washa mpya, bastola inarudi ujana. Makombo yale yalikuwa yananiambia kwamba bado haijaguswa na fundi wa hovyo, mimi nikayasoma kinyume. Iliniuma mwaka mzima, kisha nikanunua vitabu, ikaacha.

Na kuna zile ulizozikosa ukaja kumshukuru Mungu, hizi hatuzihesabu. Mwaka 2003 nilihangaika sana na bastola ya Brocock, ya kuzungusha, ambayo kila ganda lake unalijaza upepo kwa pampu. Sikuipata, bei ilinishinda. Januari 2004 sheria ikabadilika, silaha za maganda ya upepo zikapigwa marufuku, na waliokuwa nazo wakapewa mpaka mwisho wa Aprili waombe cheti kwa polisi au wazisalimishe. Jirani yangu alizisalimisha mbili, bila senti. Nilimpikia chai siku hiyo, nikajifanya nasikitika.

Yako haimo humo. Pesa ulikuwa nayo, na ulijua unachokitazama, mpaka maandishi ya silinda umeyasoma. Yako ni ya ubishi. Na ndiyo inayouma vibaya zaidi, kwa kuwa hakuna wa kumlaumu wala cha kujifunza kitabuni.

Ila nadhani hujaielewa vizuri. Unasema hukuitwa. Uliitwa. Sokoni kwetu mtu anataja bei akiwa ameongeza ya maneno, naye anategemea uyatumie maneno hayo. Kuondoka ni sehemu ya mazungumzo. Mwingereza kwenye meza yake ana bei moja na punguzo moja. Alipotoka 260 akafika 240, hiyo ndiyo ilikuwa sauti yake ya kukuita, na hana nyingine. Wewe ulikuwa unangoja uitwe kwa Kitanga.

Wala usijilaumu kwa kupenda nembo. Babu yako alisema kweli kuliko alivyojua. BSA walianza mwaka 1861 kama mafundi bunduki wa Birmingham walioungana, wakaingia kwenye baiskeli pale oda za serikali zilipopungua. Vita vya Makaburu vilipokwisha mwaka 1902 oda zikakauka tena. Mwaka 1904 fundi mmoja wa hapo hapo Birmingham, Lincoln Jeffries, akapata hataza ya bunduki ya upepo yenye mkono wa kukoki chini ya mtutu, na mwaka uliofuata BSA wakaanza kumtengenezea. Hiyo "D" yako ni mjukuu wa bunduki ile. Vita vya 1914 vilipoanza wakaacha kabisa, wakarudia 1919 kwa miundo mingine. Kwa hiyo unayoiota ina zaidi ya miaka 110. Imekwepa vita viwili, na imekwepa usiku wa tarehe 19 Novemba 1940, mabomu yalipoangukia kiwanda cha Small Heath yakaua wafanyakazi 53. Unapoendesha basi mtaa ule, unapita hapo.

Sasa hesabu. Bunduki ya 240 uliyoikataa kwa 20 imekwisha kukugharimu 800, na bado haijafika nyumbani. Zile 11 chini ya kitanda hukununua bunduki, ulikuwa unalipa zile pauni 20 tena na tena ili zikuache. Meteor nne! Bunduki nzuri ya kumfundishia mtoto kulenga akifika umri, nami simtukani mwenye nayo, lakini wametengeneza nyingi mno tangu 1959, na hakuna aliyewahi kuamka usiku kwa kukosa ya nne.

Kwa hiyo uza. Chagua mbili unazozipenda kweli, nyingine zote zitoke, na ile isiyo na kifyatulio iuze kama vipuri, kuna mtu mahali fulani anakitafuta kitako chake. Wauzie watu wazima tu, waliotimiza miaka 18, ana kwa ana, au peleka zote kwa duka lenye usajili wa silaha, watakupa kidogo lakini utalala. Ukiuza za kwako hakuna neno. Ukinogewa ukaanza kununua ili uuze, sheria ya 2006 inakutaka usajiliwe kama mfanyabiashara. Na kama kati ya hizo kuna iliyotiwa springi kubwa ya kisasa, ipimwe nguvu kwanza. Ikizidi futi-pauni 12 (ndicho kipimo cha nguvu ya kirisasi kikitoka mdomoni) hiyo imekuwa silaha ya cheti, na wewe huna cheti. Hata ukipata pauni 50 au 60 kwa kila moja utakuwa karibu na pesa unayoitafuta, na hujagusa tiketi.

Tiketi usiziguse.

Na kama mauzo hayatawahi mwisho wa mwezi, mpigie mzee umwambie hivyo hivyo. Umeniambia anahamia chumba kimoja. Mtu huyo tatizo lake ni nafasi, pesa inafuata. Angetaka pesa ya haraka angepeleka mnadani, asingekutafuta wewe. Mwambie nusu sasa, nusu Januari, na ukaichukue mapema ikiwa hilo linamsaidia kufungasha. Ila usimwombe punguzo kwa simu. Kwanza uione.

Nasema uione kama mtu ambaye hajawahi kuiona, na hapo ndipo nakuogopea, maana utafika ukiwa umekwisha kuinunua moyoni. Basi nikupe kazi ya mikono, ikushughulishe. Usipoteze muda na nguvu yake. Springi iliyochoka si ugonjwa, na washa ya pistoni ni ngozi tu, fundi viatu mwerevu anaweza kukukatia. Tazama visivyorudi. Maandishi ya silinda: kingo za herufi ziwe kali, zikiwa laini kama sabuni iliyotumika, mtu alisugua kutu akasugua na historia. Vichwa vya skrubu: vikiwa vimetafunwa na bisibisi, jua aliyeingia ndani hakuwa fundi. Shingo ya kitako ipinde kidogo karibu na sikio usikilize kama mbao inalia. Chungulia mtutu ukielekea dirishani.

Kisha kile kibilula cha kutilia risasi, ndicho roho ya bunduki hizi. Kikilika, upepo unatorokea pembeni, na kukitengeneza si kazi ya ngozi na uzi. Mwombe mzee ruhusa, tia kirisasi (usipige bure kamwe, pistoni itagonga chuma kwa chuma), weka kipande cha karatasi laini juu ya kibilula, elekeza mahali salama, fyatua. Karatasi ikitulia, ipo hai. Ikiruka, 650 ni nyingi, na hapo ndipo mahali pa kusema bei, tena useme moja na ungoje. Akishuka mara moja, jua umeitwa.

Mkikubaliana, ifunge kwenye mfuko wake kabla hujatoka mlangoni, bila risasi ndani. Bunduki ya upepo barabarani bila sababu ya maana ni kosa hata ikiwa tupu, na sitaki kusoma kwamba dereva wa basi kapanda basi la mwenzake na bunduki begani.

Mama Salim nenda naye. Si kwa ajili ya amani ya nyumba. Yeye ndiye pekee katika hadithi hii asiyeiota ile meza, na jicho lake litaona kutu ambayo la kwako litaipa jina lingine. Mweleze habari ya simu leo, kabla ya kumwonyesha kabati la chuma, maana kabati bila maelezo atadhani unajiandaa kununua nyingine.

Niandikie karatasi iliruka au haikuruka. Na chai mkanywe nyumbani kwanza.

Mjomba